Mpango Uanzie Idarani: Ilani ya Wajenzi wa Chuo Kipya

Makomredi wa Mlimani na Makerere, wa Nairobi na Lubumbashi, wa Dodoma, Morogoro, Maseno na Bujumbura: zama zimegeuka. Chuo kikuu kinachobadilishwa kwa amri, kwa waraka na kwa masharti ya mkopo kimefika ukingoni. Kinachokuja kitapangwa na sisi tunaofundisha ndani yake, tunaosoma ndani yake, tunaofagia kumbi zake, tunaotunza maabara zake na kutafuta mafaili ya wanafunzi katika masjala zake. Leo tunaanzisha vuguvugu la wote hao. Hatuombi ruhusa ya kuingia mahali ambapo ni petu.

Tunaamini kwamba watu wa eneo hili wanajua kupanga vyuo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Tanganyika kupata uhuru, wanafunzi wasiofika 20 waliketi katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wakaanza kusoma sheria. Kampasi ya Mlimani ilikuwa haijajengwa. Nchi ambayo haijawa huru ilikuwa imekwisha kuthubutu kuwa na chuo chake. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi tatu zikagawana kazi kwa akili: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Kisumu aliyeutamani uwakili alisafiri hadi Dar. Kijana wa Moshi aliyetaka kujenga madaraja alikwenda Nairobi. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabeba chake. Tunautaja ili asitokee mtu wa kutuambia kwamba ustadi wa kupanga chuo ni bidhaa ya kuagizwa ng'ambo.

Tunakataa mageuzi ya amri. Historia imekwisha kutoa hukumu, nasi hatuna haja ya kuifungua kesi upya. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha kwa mkupuo vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Vitivo vikagawanywa upya kati ya miji iliyotenganishwa na misitu na mamia ya kilomita. Mwaka 1981 muungano huo ukavunjwa, na waliohamishwa wakaachwa na kazi ya kuanza tena. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba kijana wa Tanzania asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, afanye kazi kwanza. Wazo lilikuwa na heshima yake, kwa maana elimu isiyogusa kazi ni nusu elimu. Lakini hesabu ya wasichana haikupigwa, na haikuchukua muda idadi yao vyuoni ikaporomoka hadi masharti yakalegezwa kwao. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Programu iliyoanzishwa kwa haraka ili kuziba pengo la walimu ilivunjwa kwa haraka zaidi, na vijana wakaburuta masanduku hadi stendi. Amri ya kufungua ilitoka juu, amri ya kufunga ikatoka juu, na darasa halikuulizwa mara zote mbili.

Tunalibeba swali la Julai 1971. Mwongozo wa TANU ulikuwa umetoka Februari mwaka huo, ukikemea viongozi wenye kiburi na kuwataka wananchi washiriki katika maamuzi yanayowahusu. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliusoma wakauamini. Rais wa serikali yao, Symonds Akivaga kutoka Kenya, akamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kuhusu uongozi usiowashirikisha wanafunzi. Jibu lilikuwa askari kumkamata na kumrudisha kwao. Zaidi ya nusu karne imepita, na swali lile lingali mezani: chuo kinapobadilishwa, nani yumo chumbani?

Tunakataa mageuzi ya duka. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilizishauri serikali zetu zipunguze mzigo wa vyuo vikuu na kuelekeza fedha elimu ya msingi, kana kwamba walimu wa msingi hufundishwa na hewa. Vyuo vikaachwa vijitafutie riziki. Makerere, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990, ikafungua milango kwa wanaojilipia, masomo ya jioni yakazaliwa, na idara zikaanza kushindana kubuni kozi zinazouzika hata pale ambapo idara nyingine ilikuwa na utaalamu zaidi. Mahmood Mamdani ameyaandika hayo kwa kina katika kitabu chake cha 2007 kuhusu wasomi waliogeuzwa wachuuzi sokoni. Nairobi nayo ikaanzisha programu sambamba ya wanaojilipia mwaka 1998, vyuo vingine vikafuata, kampasi zikachipuka juu ya maduka na benki katikati ya miji. Hesabu yote ilisimama juu ya dhana moja, kwamba wazazi wenye karo hawataisha. Kisha yakaja matokeo ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, ya 2016. Waliopata C+ na kuendelea, kiwango cha kuingilia chuo kikuu, walishuka hadi chini ya 90,000, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Nafasi za ufadhili wa serikali ziliwatosha wote. Wateja wakatoweka kwa msimu mmoja, yakabaki madeni, kodi za majengo na makato ya pensheni yasiyofikishwa yanakotakiwa. Mwaka 2023 ukaja mfumo mwingine wa ufadhili uliowapanga wanafunzi kwa madaraja ya uwezo wa familia zao; Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ikautamka kuwa kinyume cha Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa ni umma kutoshirikishwa, na rufaa ikafuata. Katikati ya mivutano hiyo yuko kijana wa mwaka wa kwanza asiyejua anadaiwa shilingi ngapi.

Tunakataa mpango mkakati wa kabatini. Kila mmoja wetu anaufahamu. Jalada lake linang'aa, lina picha ya jengo la utawala na wahitimu watatu wakicheka. Ukurasa wa kwanza una neno la Makamu Mkuu wa Chuo. Zinafuata dira na dhima, kisha jedwali la uwezo, udhaifu, fursa na vikwazo, kisha safu kwa safu: lengo, mkakati, kiashiria, mhusika. Katika safu ya mhusika pameandikwa "idara". Idara yenyewe ilikiona kitabu hicho kikiwa kimekwisha kuchapishwa. Katibu muhtasi alikigonga mhuri wa kupokelewa, mkuu wa idara akakifungia kabatini juu ya kile cha miaka mitano iliyopita.

Wakati huohuo, ghorofa moja chini, fundi sanifu wa maabara anajua jambo ambalo kitabu hakijui. Mpango unasema "kuimarisha miundombinu ya maabara". Yeye anajua kwamba mizani ziko tatu na mbili hazisomi, kwamba mtambo wa kusafishia maji umekufa kwa kukosa kipuri kimoja, na kwamba kwa sababu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili huandika ripoti ya jaribio alilolitazama likifanywa na mwenzake. Karani wa masjala naye anajua kwa nini alama hupotea: mwalimu wa muda anafundisha vyuo viwili, husahihisha usiku nyumbani kwake, na matokeo hurudi chuoni na bodaboda ndani ya bahasha ya kaki. Chuo kimenunua mfumo wa kompyuta wa kutunza alama, lakini hakuna aliyemuuliza karani bahasha ile huingilia mlango gani. Mshauri mwelekezi alikuja, akahoji wakuu, akalala hotelini, akaandika ripoti. Hakushuka ghorofa moja.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Vyuoni kwetu tumefika mbali zaidi, matumizi nayo hayana mpango: fedha huenda kwenye semina elekezi za kuutambulisha mpango, kipuri kinabaki dukani Kariakoo.

Lakini haki itendeke. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Matthew Luhanga, kilianza programu ya kujigeuza chenyewe, na mwaka uliofuata kikawa na mpango mkakati wake. Kilikuwa kimetoka katika miaka ya njaa: bajeti zilizokatwa, wahadhiri waliokimbilia vyuo vya kusini mwa Afrika, milango iliyofungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Mei 1990. Kilikaa kikajichambua, kikaita mikutano ya mashauriano na wadau, kikapanua udahili, kikaweka mafunzo ya awali ya sayansi kwa ajili ya wasichana. Luhanga aliuandikia vitabu mchakato huo, na kwa hilo anastahili shukrani zetu, kwa sababu viongozi wengi wa vyuo vyetu huondoka na kumbukumbu zote vichwani. Hatusemi kila kitu kilikwenda sawa. Tunasema kilichodumu katika kazi ile ni kile ambacho wenyeji wa chuo walikichambua wao wenyewe, na hapo ndipo tunapotaka kuanzia.

Tunakataa pia kuililia zamani. Tunaiheshimu Mlimani ya mwanahistoria Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha hapo kitabu chake kikuu kilipotoka mwaka 1972. Tunaiheshimu midahalo iliyojaza Ukumbi wa Nkrumah hadi usiku. Lakini chuo kile kilikuwa cha wachache mno, wanawake ndani yake walihesabika, na gazeti la wanafunzi liitwalo Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970 katika enzi hizohizo tunazoambiwa zilikuwa za dhahabu. Hatuandamani kurudi nyuma. Watoto wa wakulima wa Songea, Kitui na Gulu wamejaa kumbini leo, wengine wamekaa ngazini, wengine wanasikilizia dirishani, na kujaa kwao ni ushindi. Kazi iliyobaki ni kuwapa viti.

Tunaamini kwamba mpango wa chuo unaanzia idarani. Hili ndilo jiwe la msingi la vuguvugu letu. Katika chuo kinachokuja, wiki moja kabla ya muhula wa kwanza, kila idara itakaa pamoja mchana mzima: maprofesa, wahadhiri wasaidizi, fundi sanifu, karani, mhudumu wa ofisi, na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao wa kila mwaka wa masomo. Watahesabu walichonacho. Viti vingapi, mizani ngapi, vitabu vingapi, wahadhiri wangapi wako masomoni na watarudi lini, wangapi wanastaafu ndani ya miaka mitatu. Kisha watasema wanataka kubadilisha nini, kwa mpangilio gani, na nani atafanya. Kurasa nne zitatosha. Kurasa hizo nne za kila idara ndizo zitakazopanda hadi ndaki, zikutane na za idara nyingine, zipande hadi Seneti na Baraza la Chuo. Rasi wa ndaki na Makamu Mkuu watabaki na kazi kubwa na ya heshima: kuoanisha, kutafuta fedha, kuamua pale idara mbili zinapogombea ukumbi mmoja. Wakibadilisha jambo, watairudia idara na kuieleza sababu. Huo ndio uongozi tunaoutaka, na tuko tayari kuutii.

Tunaamini kwamba lugha ya mpango iwe lugha ya watu watakaoutekeleza. Dereva wa chuo, mpishi wa kantini na mlinzi wa lango wana sehemu katika mageuzi yoyote, na hawawezi kushiriki katika waraka uliofungwa kwao. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekwisha kutuonyesha kwamba tasnifu ya uzamivu inaandikwa, inatetewa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Tangu 2022 Umoja wa Afrika unakitumia Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi. Lugha inayobeba uzamivu na diplomasia inaweza kuubeba mpango wa idara ya kemia. Tutaandika kwa Kiswahili kwanza, na anayehitaji tafsiri atatafsiriwa.

Tunaamini kwamba kitanda kinatangulia udahili. Kila mwaka vyuo vyetu hutangaza kwa fahari idadi ya waliodahiliwa, na kila mwaka wanafunzi hubebana bwenini, wawili katika kitanda cha futi mbili na nusu, mmoja akisoma hadi saa nane za usiku ili mwenzake alale kwanza. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, likichelewa, mlo wa mchana unafutwa, na mlo wa mchana ukifutwa hakuna mtaala mpya utakaofundishika saa tisa alasiri. Katika chuo kinachokuja, waraka wa kuongeza wanafunzi utasainiwa pamoja na waraka wa viti, vitanda, maji na wahadhiri, au hautasainiwa kabisa. Anayetaka kuongeza watu mia tano aonyeshe watalala wapi. Vivyo hivyo kwa wenzetu wenye ulemavu: ukumbi mpya usio na njia ya kiti cha magurudumu usipokelewe kutoka kwa mkandarasi, hata kama rangi imekwisha kupakwa na mgeni rasmi amekwisha kualikwa.

Tunaamini kwamba jengo ni nusu ya kazi. Mwaka 2021 Tanzania ilianza kutekeleza mradi wa HEET wa elimu ya juu kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ileile ya Dunia, na matunda yake tunayaona: kuta zinapanda, kampasi zinasogea Bukoba, Lindi na Kigoma, karibu na vijana ambao wazazi wao hawakuwahi kuona chuo kikuu. Tunazipokea kwa mikono miwili. Lakini mradi una tarehe ya kuisha, na deni litalipwa na hao hao vijana. Tunadai kila kampasi mpya iwe na mpango ulioandikwa wa siku ya kwanza baada ya mradi: nani atalipia umeme wa maabara, nani atakarabati vifaa, wahadhiri watavutwa na nini kuishi huko na watoto wao watasoma wapi. Maswali haya yakijibiwa mapema, Lindi itakuwa na chuo chenye uhai. Yakiahirishwa, itakuwa na majengo mazuri yenye kufuli.

Tunaamini katika jaribio kabla ya amri. Mtaala mpya, ratiba mpya, mfumo mpya wa alama, utaanza katika ndaki moja kwa mwaka mmoja, na wanaoujaribu watakuwa na haki ya kusema haufai. Mwaka 2010 udahili wa vyuo vya Tanzania uliwekwa chini ya mfumo mmoja wa pamoja; mwaka 2017 waombaji wakaambiwa waombe tena chuo kwa chuo. Huenda kila uamuzi ulikuwa na hoja yake. Lakini kizazi kizima cha waombaji kilijifunza taratibu mbili zinazokinzana ndani ya miaka saba, na hatujasikia hesabu ya wazi ya kilichopatikana na kilichopotea. Mageuzi yasiyopimwa hayafundishi mtu. Chuo, kwa jina lake na kwa kazi yake, hakina udhuru wa kutojipima.

Tunaamini katika haki moja ambayo hatutaiuza kwa bei yoyote: mwanafunzi aliyeanza na mtaala mmoja amalize na mtaala huo. Asiamke mwaka wa tatu akaambiwa kozi aliyofaulu haitambuliki na kwamba nyingine, isiyo na mwalimu, ni ya lazima. Walioshika mtaala wa zamani wafundishwe hadi wa mwisho wao ahitimu, hata kama amebaki mmoja na sapu zake mbili. Gharama ya mabadiliko ilipwe na taasisi iliyoyaamua.

Tunaamini kwamba anayeandika upya kozi anafanya kazi, na kazi hulipwa kwa muda. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia sita, vitabu vya majibu vya mitihani miwili na wanafunzi wa uzamili kumi hawezi kuijenga upya kozi usiku wa kuamkia kikao. Akilazimishwa, atabadilisha kichwa cha habari na mwaka, na chuo kitajidanganya kwamba kimebadilika. Tumeona desa lilelile likipita mkono kwa mkono, fotokopi ya fotokopi, chini ya majina matatu tofauti ya kozi. Apunguziwe vipindi muhula mzima. Akae na mwalimu wa sekondari anayewapokea wahitimu wake, na muuguzi, na mkulima, na mwenye karakana. Aandike kitu ambacho yeye mwenyewe atajivunia kukifundisha. Na kuhusu akili unde iliyoingia vyuoni mwetu kabla ya sera yoyote, naye apewe nafasi ya kuijaribu pamoja na wanafunzi wake, waamue kwa pamoja itumike wapi na ikome wapi. Tumewahi kukutwa bila maandalizi: Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga vyumba vya madarasa, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuwa na uzoefu wa kufundisha kwa mbali tangu miaka ya 1990. Vyuo vingi jirani vilikaa kimya hadi Juni. Tusikutwe tena hivyo.

Tunaamini kwamba bajeti ni mali ya macho ya wote. Kilichoombwa, kilichoidhinishwa, kilichofika na kilichotumika vitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila idara, kila robo mwaka, penye mwanga. Tumesikia hoja kwamba wanafunzi hawataelewa. Wanafunzi wanaojua bumu limepungua kwa shilingi ngapi na kwa nini wataelewa.

Tunaamini katika uhuru wa taaluma kama pumzi ya mageuzi yote. Aprili 1990 wanataaluma wa Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Mwezi uliofuata Mlimani ikafungwa. Novemba ya mwaka huohuo wasomi wa Afrika wakakutana Kampala na kutoa azimio lao. Wazee wale waliandika wajibu kando ya uhuru, nasi tunaurithi mzigo wote mzima. Mhadhiri atakayesema kikaoni kwamba mpango una kasoro hatahamishwa ofisi. Mwanafunzi atakayeandika barua ya wazi atajibiwa kwa barua.

Tunaamini, mwisho, katika Afrika Mashariki isiyo na ukuta kati ya darasa na darasa. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walilitangaza eneo letu kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekuwa likioanisha viwango. Tunataka tangazo hilo lishuke hadi dirishani kwa msajili. Binti wa Bujumbura aliyemaliza mwaka wa pili wa uhandisi na kumfuata mama yake Mwanza aendelee na mwaka wa tatu. Idara ya jiolojia ya Lubumbashi, iliyokaa juu ya shaba, iwafundishe vijana wa Geita waliokaa juu ya dhahabu. Waliogawana udaktari, uhandisi na sheria mwaka 1963 walikuwa na simu chache na barabara za vumbi. Sisi tuna nyaya za intaneti chini ya bahari na lugha moja kutoka Lamu hadi Kisangani.

Makomredi, vuguvugu hili halina ofisi, halina mfadhili, halina mgeni rasmi. Lina vikao vya idara, na hivyo viko kila mahali tulipo. Katika kikao kijacho, kabla ya ajenda ya kwanza, asimame mmoja wenu aombe mpango mkakati wa chuo utolewe kabatini, uwekwe mezani pamoja na bajeti ya mwaka, na usomwe ukurasa kwa ukurasa mbele ya fundi na karani na wawakilishi wa wanafunzi. Mwenyekiti akisema hao si wajumbe, kikao kiazimie waalikwe. Akisema nakala hana, kikao kiazimie kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kuiomba, na barua hiyo isainiwe na wote waliohudhuria, majina kamili, kuanzia profesa hadi mhudumu.